Sekunde 9.4

Ukurasa wenyewe ninao mpaka leo. Ni wa daftari la maabara la mwaka wa pili, na ukiuinua kwenye mwanga utaona sehemu mbili zilizofutwa kwa ufutio hadi karatasi imekuwa nyembamba. Sehemu ya kwanza ilikuwa na namba 9.4, ya pili 4.2. Juu ya zote mbili mimi na mwenzangu wa meza tuliandika 2.2, kwa mwandiko mzuri kuliko kurasa nyingine zote.

Jaribio lilikuwa la kawaida kabisa. Una mrija mrefu wa plastiki angavu uliojaa maji, una alama kila baada ya sentimita 10, unaangusha kigololi kidogo cha plastiki kizito kidogo kuliko maji, kisha unapima kinatumia sekunde ngapi kutoka alama moja hadi nyingine. Kinachotafutwa ni kasi ya mwisho: pale ambapo uzito unaokivuta kigololi chini umelingana na nguvu mbili zinazokizuia, yaani nguvu ya kuelea na ukinzani wa maji. Kikishafika hapo kinashuka kwa mwendo uleule hadi chini. Kitabu kinasema hivyo na mwongozo wa jaribio unasema hivyo.

Sisi tulipata 2.2, tukapata 2.1, tukapata 2.2. Kigololi kilipofika katikati ya mrija kikasita. Hakikugusa ukuta wala hakikugonga kitu. Kilipunguza mwendo kama mtu aliyesahau simu nyumbani, kikakaribia kusimama, kikayumba kidogo, kisha kikaendelea. Sekunde 9.4. Sehemu ya mwisho ikachukua 4.2. Tulirudia mara tatu na mara zote kilisita palepale.

“Huu mrija una uchafu,” mwenzangu akasema. Muda ulikuwa umekwisha, kundi jingine limeshajaa mlangoni, na mwongozo unadai grafu iliyonyooka. Tukapika data. Tukaweka 2.2 tano, na moja tukaibadilisha iwe 2.3 ili ionekane ya kweli. Tulipata 18 kati ya 20.

Nimeandika makala hii kwa sababu ile 9.4 ndiyo kitu cha maana zaidi nilichowahi kupima chuoni, na ilinichukua miaka miwili kukijua. Pia nimeandika kwa ajili ya wanaosoma vitu vingine na wanaodhani fizikia ya giligili iliishia kidato cha sita. Nitajaribu kutoibeba hesabu yote.

Tuanze na tulichofundishwa. Ukinzani unaokipata kitu kinachopita kwenye giligili, iwe maji, mafuta au hewa, huja na sura mbili. Kitu kikiwa kidogo na kikienda polepole, ukinzani unakua sawia na mwendo, na chanzo chake ni mnato. Hiyo ni kazi ya George Stokes, mwaka 1851. Kitu kikiwa kikubwa au kikienda kasi, ukinzani unakua kwa mraba wa mwendo, kwa sababu sasa kitu kinaacha nyuma yake mkia wa msukosuko, na kuyasukasuka maji kunakula nishati. Katika sura zote mbili somo ni moja: punguza mwendo, ukinzani utapungua. Dereva yeyote wa lori anayejua bei ya dizeli anakubaliana na hilo.

Lakini sura zote mbili zina sharti ambalo hatulisomi kwa sauti. Zinadai giligili iwe ya aina moja toka juu hadi chini, na iwe imetulia. Dunia haina giligili ya namna hiyo kwa wingi. Bahari ina maji ya vuguvugu juu na ya baridi chini, au yasiyo na chumvi juu na yenye chumvi chini. Anga nayo ina matabaka yake. Na vyote hivyo vinazunguka pamoja na dunia, mara moja kwa siku.

Kwenye mrija wetu mambo yalikuwa hivi. Kundi la asubuhi lilifanya jaribio la densiti na maji ya chumvi, na maji yao yakabaki nusu ya mrija. Baadaye mtu akajazia maji ya bomba kwa mpira, taratibu, ili asimwage. Maji mepesi yakakaa juu ya mazito bila kuchanganyika, na kwa macho huwezi kuona chochote.

Kigololi kikipita kwenye maji ya juu hakisafiri peke yake. Maji yaliyo jirani nacho yanakishikilia na kushuka nacho, kama koti. Kikifika kwenye maji ya chumvi kinaingia kikiwa kimevaa koti la maji mepesi, na koti hilo linataka kurudi kwao juu. Linageuka boya. Kigololi kinalazimika kulivua kabla ya kuendelea, na maji yaliyovuliwa yanaporuka kurudi juu yanalitikisa tabaka na kuanzisha mawimbi mle ndani, ambayo nayo yanabeba nishati yanakwenda zake.

Mtu makini atauliza: si maji ya chini ni mazito, kwa hiyo nguvu ya kuelea imeongezeka na kigololi lazima kipunguze mwendo? Ni kweli, na hilo ndilo linaloeleza ile 4.2 ya chini kabisa. Halielezi 9.4. Pale katikati kigololi kilikwenda polepole kuliko kule kwenye maji mazito zaidi ya hapo. Kizuizi kilikuwa kwenye mpaka, katika kubadilika kwa densiti, wala si katika densiti yenyewe. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina nchini Marekani walitangaza kwamba mpaka ukiwa mkali vya kutosha na tufe likiwa zito kidogo tu kuliko maji ya chini, tufe linasimama, linarudi juu kwa muda, halafu ndiyo linaanza kuzama upya. Kitu kizito kuliko maji kikipanda juu chenyewe! Mimi na mwenzangu tulikuwa na binamu wa jambo hilo mkononi, tukakamata ufutio.

Haya, tutoke kwenye mrija twende kwenye meli, maana huko ndiko habari hii ilikoanzia kuchukuliwa kwa uzito. Agosti 1893 Fridtjof Nansen, Mnorwe, alikuwa akipita kaskazini mwa Siberia na meli yake Fram akielekea kwenye barafu ya Aktiki. Bahari ilikuwa shwari, injini ilikuwa inafanya kazi, na meli ikagoma kwenda. Mwendo ulishuka ukawa sehemu ndogo tu ya ule wa kawaida, kama vile kuna mtu chini ya maji kaishika. Wakageuza, wakazunguka, haikusaidia. Mabaharia wa Norwe walikuwa na jina la hali hiyo, maji yaliyokufa. (Watu wa pwani msinishike shati: najua kwetu maji mafu ni kitu kingine, yale ya kupwa na kujaa kudogo. Ndiyo maana sikulitumia jina hilo.)

Nansen aliona kwamba hali hiyo hutokea pale ambapo maji yasiyo na chumvi, ya mito na ya barafu iliyoyeyuka, yametandazwa juu ya maji ya bahari. Aliporudi alimuuliza mtaalamu Vilhelm Bjerknes, na Bjerknes akampa kazi hiyo mwanafunzi wake Vagn Walfrid Ekman. Ekman akatengeneza tangi lenye matabaka mawili, akavuta vimeli vya mfano, na mwaka 1904 akachapisha jibu. Meli inapokwenda inausukuma mpaka kati ya maji mepesi na mazito, na kwenye mpaka huo inazaa mawimbi makubwa. Juu huoni kitu, uso wa bahari umelala kama kioo. Chini yako kuna vilima vya maji vinavyopanda na kushuka, na injini yako ndiyo inayolipia.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Chukua tabaka la juu la mita 2 lisilo na chumvi, densiti 1,000, juu ya bahari yenye kina kirefu yenye densiti 1,025. Maji mepesi yanapozama kidogo kwenye mazito, nguvu ya kuyarudisha si mvutano wote wa dunia. Ni sehemu ndogo tu, ile ya tofauti ya densiti, yaani 9.8 mara 25 gawanya kwa 1,025, karibu 0.24. Zidisha kwa kina cha mita 2, tafuta kipeuo cha pili: mita 0.7 kwa sekunde. Huo ndio mwendo wa mawimbi ya mpakani, kilomita 2.5 kwa saa, mwendo wa mtu anayerudi kutoka kantini akiwa ameshiba. Meli inayokwenda chini kidogo ya mwendo huo inapatana na mawimbi yake, inayalisha muda wote, na ukinzani unafika kileleni. Meli inayoweza kwenda kasi zaidi inayaacha nyuma, na ukinzani wa aina hii unaporomoka.

Ona jinsi somo la dereva wa lori lilivyopinduka. Hapa mwenda pole ndiye anayekamatwa.

Mimi jambo hili lilinikaa kichwani nilipoacha kufikiria ukinzani kama mkono unaokuvuta nyuma na kuanza kuufikiria kama ankara. Kila hatua unayosogea unatoa nishati, na swali ni nani anaichukua. Kwenye maji ya kitabuni wadai ni wawili, mnato na msukosuko. Weka matabaka, anaongezeka mdai wa tatu, mawimbi ya ndani, ambaye anaweza kuwapita wale wawili kwa mbali na hutamwona kwa macho.

Kwa wanaopenda alama, ukali wa matabaka hupimwa kwa kitu kinachoandikwa N, chenye majina ya David Brunt na Vilho Väisälä. Maana yake ni nyepesi: sukuma tone la maji chini kidogo, liachie, litarudi, litapitiliza, litarudi tena, kama boya linalocheza. N inasema linacheza haraka kiasi gani. Kwenye mpaka mkali wa mrija mchezo mmoja unaweza kuchukua sekunde 2 au 3. Kwenye anga la kawaida N ni karibu 0.01 kwa sekunde, na mchezo mmoja ni kama dakika 10.

Twende na namba hiyo Kilimanjaro. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukija kwenye mlima, nishati yake ya mwendo inatosha kuiinua hewa kiasi cha mwendo gawanya kwa N, yaani 10 gawanya kwa 0.01: mita 1,000. Mlima una kimo cha mita 5,895, na ukitoa uwanda unaouzunguka unabaki na kama mita 5,000 za kupanda. Hewa haiwezi. Kwa makisio haya ya haraka, ile iliyo kwenye mita 4,000 za chini inalazimika kuuzunguka mlima kwa pembeni, na ni mita 1,000 za juu tu zinazovuka kileleni. Mchana jua hulivuruga tabaka la chini na hesabu inabadilika. Usiku na alfajiri inashika vizuri zaidi. Na ile inayovuka inaacha nyuma mawimbi yanayopanda juu angani, yakienda kuvunjikia mbali sana na mlima, na huko ndiko upepo unakopunguzwa mwendo. Ukinzani wa mlima unalipwa kilomita nyingi juu ya mlima wenyewe. Miaka ya 1980 watabiri wa hali ya hewa waligundua kwamba programu zao zilikuwa zinatoa pepo za magharibi zenye nguvu kupita kiasi katika majira ya baridi ya kaskazini. Walipoingiza ankara hii ya milima, utabiri ukakaa sawa zaidi.

Sasa mzunguko. Hapa nitakuomba uone kwanza ndipo tuongee. Tafuta mashine ya kuchezea santuri, ile ya babu, ya mizunguko 33 kwa dakika. Weka katikati yake chombo cha plastiki angavu chenye maji kama lita 2. Iwashe uondoke, ukanywe chai, maana maji yanahitaji dakika kadhaa mpaka yazunguke yote pamoja na chombo. Kisha dondosha tone la wino. Kwenye maji yaliyotulia wino unasambaa kama wingu. Hapa haufanyi hivyo. Unajipanga kuwa mapazia yaliyosimama wima, membamba, yanayojizungusha bila kuchanganyika. Mara ya kwanza nilipoyaona nilimwita mtu wa chumba cha jirani aje aangalie, na yeye anasoma sheria.

Sababu ni kwamba kwenye giligili inayozunguka haraka, mwendo wowote wa polepole unashikiliwa kati ya kanieneo na nguvu ya Coriolis, na vitu hivyo viwili vikilingana, mwendo hauwezi kutofautiana ukienda sambamba na mhimili. Maji ya juu na ya chini lazima yaende pamoja. Joseph Proudman alilionyesha kwa hesabu mwaka 1916, na G. I. Taylor akalijaribu mwaka 1923: aliburuta silinda fupi polepole kwenye tangi linalozunguka, akaweka rangi juu ya silinda, mbali nayo. Rangi ikalizunguka eneo lililo juu ya silinda kana kwamba silinda imefika mpaka juu. Maji yaliyokuwa juu yake yalikuwa yanasafiri nayo, nguzo nzima. Kwenye chombo chako unaweza kupanga sarafu chache chini, kisha uguse ukingo wa sahani kidogo sana kwa kidole ili ipunguze mwendo, na uangalie wino ulio juu ya sarafu unavyobaki palepale.

Ukishaiona nguzo, ukinzani unajieleza wenyewe. Tufe linalopanda kando ya mhimili wa chombo kinachozunguka halisukumi maji ya mbele yake tu, linasukuma nguzo ndefu ya juu na kuvuta nguzo ndefu ya chini. Keith Stewartson alipiga hesabu hiyo mwaka 1952 kwa chombo kirefu cha kutosha: ukinzani ni 16 gawanya kwa 3, mara densiti, mara kasi ya mzunguko, mara mwendo, mara nusukipenyo kwa kipeo cha tatu. Soma tena utafute mnato. Haumo. Nilipiga hesabu kwa tufe la nusukipenyo cha sentimita 1, likipanda sentimita 1 kwa sekunde kwenye mzunguko wa santuri, nikapata ukinzani karibu mara 15 ya ule wa maji yasiyozunguka. Hakuna kilichoongezwa ndani ya maji. Yamezungushwa tu.

Kuna waliolipeleka wazo hili mbali. Mwaka 1961 Raymond Hide alipendekeza kwamba Doa Jekundu la sayari ya Sumbula ni kichwa cha nguzo kama hiyo, juu ya kitu kigumu kilichofichika chini. Wazo likaachwa, kwa sababu sayari ile haina uso mgumu wa kusimamishia nguzo. Mimi bado nalipenda.

Sasa weka yote mawili pamoja, matabaka na mzunguko. Yanagombana. Mzunguko unataka kusimamisha nguzo, matabaka yanataka kulaza kila kitu kama chapati. Mshindi anajulikana kwa kulinganisha N na nguvu ya mzunguko wa mahali ulipo, ambayo inategemea latitudo: kubwa karibu na ncha za dunia, sifuri kwenye ikweta. Kilima cha chini ya bahari chenye upana wa kilomita 10, kwenye bahari yenye N ya 0.01, kikiwa kwenye latitudo ya 76 kaskazini, kule Fram ilikokwama, ushawishi wake unapanda kama mita 140 juu yake. Kilima hichohicho ukikileta kwenye latitudo ya Dar es Salaam, mita 17. Sisi wa karibu na ikweta tunaishi katika nchi ya matabaka. Vitabu vingi vya bahari tunavyosoma vimeandikwa na watu wa nchi ya nguzo, na nadhani tungefaidika kama mtu angetuandikia kimoja kinachoanzia huku.

Muhula uliopita nilikwenda ofisini kwa mwalimu aliyetusahihishia. Nilibeba daftari. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, na usiku ule nilikuwa nimekwisha kusoma kanuni za mitihani kuhusu udanganyifu, kifungu kwa kifungu.

“Shikamoo Dokta.”

“Marahaba. Kaa.”

Nikamweleza yote, nikamwonyesha ule ukurasa. Akavua miwani, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, “Hapa palikuwa na ngapi?”

“Tisa nukta nne.”

“Na chini yake?”

“Nne nukta mbili.”

“Mnapima mara ngapi?”

“Mara tatu, Dokta. Zote zilisita palepale. Hatukuandika zile nyingine.”

Hapo ndipo alipokunja uso, kwa zile mbili ambazo hatukuziandika kabisa. Aliniambia suala la alama ataliwasilisha idarani na nitajibiwa kwa barua, na mwenzangu naye aje amwone mwenyewe, nisimsemee. Barua bado haijafika. Kisha akachukua ufunguo wa maabara, tukashuka.

Tulijaza mrija ule ule, chumvi chini, maji ya bomba juu, safari hii kwa makusudi. Njia ni hii, kwa atakayetaka kujaribu: weka maji ya chumvi kwanza, elekeza kipande cha sponji juu yake kielee, kisha mimina maji ya bomba juu ya sponji kwa mpira mwembamba, polepole sana. Tone moja la rangi ya chakula kwenye maji ya chumvi litakuonyesha mpaka ulipo. Tumia bluu; nyekundu haionekani vizuri kwenye plastiki ya mrija ule. Vigololi viloweke kwanza, maana kikiwa na povu hata dogo kinadanganya. Na saa ya simu inatosha.